Uhasibu, bima au "biashara tu": UDSM, Mzumbe, IFM na CBE nimeviweka meza moja

Matokeo ya form six yakitoka simu yangu haitulii. Mara dada kapiga, mara jirani, mara mtu niliyesoma naye sekondari mtoto wake kapata division two ya ECA, anauliza "hivi biashara asome wapi, UDSM au IFM?" na kila mmoja anataka nimjibu kwa neno moja. Haijibiki kwa neno moja jamani. Mwaka jana aliyeuliza alikuwa mpwa wangu mwenyewe, mtoto wa dada yangu anayeishi Iringa, nikasema huyu simjibu kwa simu, aje Dar tutembee. Akaja na daftari la kaunta buku, tukapiga mistari, juu tukaandika vyuo vinne, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndo hicho tunachokiita Mlimani), Mzumbe ya Morogoro, IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) na CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), alafu tukaanza kujaza kimoja kimoja. Haya ninayoandika yametoka kwenye lile daftari pamoja na miaka yangu ya kufanya kazi ya uhasibu hapa mjini. Mi mwenyewe nimesoma kwenye kimoja kati ya hivyo vinne, sitakitaja, ili nisionekane nakipigia debe.

Kitu cha kwanza nilichomuuliza hakikuwa chuo. Nilimuuliza, ukishamaliza digrii utafanya mitihani ya bodi gani? Akanyamaza. Alikuwa hajawahi kusikia, na hawa watoto wengi hawajasikia, wanadhani ukishavaa joho basi. Ukweli ni kwamba kwa Tanzania digrii ya biashara ni nusu ya safari tu. Mhasibu anasubiriwa na NBAA, bodi ya wahasibu, mitihani yake mikuu ipo Mei na Novemba, mwisho wa siku unatafuta zile herufi CPA(T), za mhasibu aliyethibitishwa. Mtu wa ununuzi na ugavi anasubiriwa na PSPTB, bodi ya kada yake. Fungua matangazo ya kazi za serikali ya kada hizo mbili utaona yenyewe, ya uhasibu mengi yanataja CPA, ya ugavi yanataka usajili wa bodi. Alafu kuna hili ambalo watu wanaligundua wakiwa wameshachelewa: mwenye digrii ya uhasibu anasamehewa zile ngazi za chini za NBAA, ila mwenye digrii ya masoko, ya rasilimali watu au ile ya usimamizi wa biashara kwa ujumla anaanza nyuma zaidi. Nina mwenzangu ofisini, kijana mzuri sana wa kazi, anashika leja na kufunga hesabu za mwezi vizuri kuliko wengi, alisoma usimamizi wa biashara akiamini ni kitu kile kile na uhasibu. Siku alipokwenda kujisajili ndo akaona orodha ya masomo anayotakiwa kuanza nayo. Alikaa kwenye kiti chake mchana mzima hajala. Hakuna aliyemwambia mapema na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana lilikuwa ni neno moja tu kwenye fomu ya maombi.

Kwaiyo kwenye daftari safu ya kwanza kabisa, kabla ya ada na kabla ya hosteli, tukaandika: cheti kitasomekaje?

Sasa kuna ile kelele ya mitaani kwamba IFM na CBE "sio vyuo vikuu". Niimalize hapa hapa maana inawapotosha wazazi. Ni kweli UDSM na Mzumbe ni vyuo vikuu, viko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu, na IFM na CBE ni taasisi ambazo mitaala yake inasimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ndo maana utasikia wanafunzi wake wanaongelea level 7 na level 8. Level 8 ndo digrii. Ni digrii kamili, inatambulika, Bodi ya Mikopo inakopesha wanafunzi wake, na kwenye guidebook ya TCU kozi zao zimo humo humo pamoja na za vyuo vikuu. Hata madaraja ya GPA ni yale yale, fasti klasi inaanzia 4.4, apa sekondi 3.5, loa sekondi 2.7, pasi 2.0. Mtu mwenye 3.8 ya CBE na mwenye 3.8 ya Mlimani wote ni apa sekondi, na ukikaa kwenye usaili wa maandishi wa Sekretarieti ya Ajira karatasi ni moja, hakuna swali la wa Mlimani na swali la wa CBE. Tofauti ipo, ila haiko hapo.

Tukaanza na Mlimani maana ndiko moyo wake ulikokuwa. Tulishuka Sam Nujoma pale Mlimani City tukapanda daladala kwenda chuo, ilikuwa siku ya Jumamosi lakini vimbweta, zile meza za kusomea nje, vilikuwa vimejaa, watu wana kalkuleta na madesa (notsi), wengine wamelala juu ya begi. Nikamwambia angalia vizuri, haya ndo maisha ya hapa. UDSM ilianza 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ikawa chuo kikuu kamili 1970, na upande wa biashara kitivo chake kilianza 1979 alafu 2008 kikawa Shule Kuu ya Biashara, ndo hiyo watu wanaiita UDBS. BCom yake, yaani digrii ya biashara, imegawanyika, kuna ya uhasibu, ya fedha, ya masoko, ya rasilimali watu, ya benki na huduma za kifedha, na ya utalii na ukarimu. Hapa ndo pa kuwa makini kuliko pote, maana mtoto anasema "nimepata BCom Mlimani" nyumba nzima inapiga vigelegele bila kuuliza BCom ya nini.

Uzuri wa UDSM kwangu mimi ni upana. Unasoma biashara lakini unakaa chumba kimoja na mtu wa sheria, unakula kafteria na wa uhandisi, unasoma development studies utake usitake, na jioni unaweza kuingia ukumbi wa Nkrumah ukasikia mdahalo ambao hauhusiani kabisa na debit na kredit. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2018 ni kubwa kweli kweli. Na jina lipo, nisidanganye, kuna ofisi mpaka leo mtu akisoma CV akaona Mlimani anaisoma mara ya pili. Ila jina linakufikisha mlangoni tu. Upande wa pili ni umati. Madarasa ya mwaka wa kwanza yanajaa mpaka ukichelewa unasikiliza ukiwa umesimama, mhadhiri hakujui jina, usipohudhuria semina hakuna atakayekupigia simu, na ukipata chini kwenye kosiwek (majaribio na kazi za semista) yenye alama 40 unaingia kwenye UE, mtihani wa mwisho, ukiwa na deni ambalo alama 60 zilizobaki zinaweza zisilibebe. Watoto waliotoka shule za bweni zenye kengele na viranja ndo wanaoumia zaidi hapa, sio kwa sababu hawana akili, ni kwa sababu uhuru umewakuta ghafla. Kama mwanao anajisimamia, Mlimani itamlea vizuri. Kama bado anaamshwa, fikirieni mara mbili.

Kutoka Mlimani tukaenda kuchukua Mwendokasi Ubungo mpaka Kivukoni, tukatembea kwa miguu mpaka Shaaban Robert. IFM iko pale jirani na Makumbusho ya Taifa, katikati ya mji, Benki Kuu iko hatua chache, mabenki na makampuni ya bima yamekuzunguka pande zote. Mpwa wangu alisimama getini akaniuliza "mjomba, chuo chenyewe ndo hiki?" maana alikuwa ametoka kuona miti na mabonde ya Mlimani, hapa anaona maghorofa na magari. Ndio chenyewe. Kilianzishwa kwa sheria ya 1972, kiko chini ya Wizara ya Fedha, na ukiangalia kozi zake unaelewa kwanini. Ukiacha uhasibu na benki ambazo ziko kila mahali, IFM ndo nyumbani kwa bima na usimamizi wa vihatarishi, ndo nyumbani kwa hifadhi ya jamii, kuna kodi, kuna takwimu bima (actuarial science). Ukitembelea ofisi za bima hapa mjini uliza uliza wamesoma wapi, utachoka kusikia IFM. Kwaiyo mtu akiniambia anataka bima sibishani naye, naandika IFM, tunaendelea na mambo mengine.

Tena niseme kitu kuhusu bima maana watoto wanaidharau. Wanadhani ni kuuza stika za magari barabarani. Kumbe kuna watu wanakaa kukadiria hasara ya kiwanda kilichoungua, kuna wanaopanga bima za mazao, kuna wanaokaa na meli na mizigo ya bandarini, na wale wa takwimu bima wanaokokotoa mafao ya mifuko ya pensheni ni wachache mno na hesabu yao ni nzito. Mwenye hesabu nzuri ya form six, yule wa EGM au PCM ambaye hataki uinjinia, amtazame huyu mnyama kwa jicho lingine.

Ubaya wa IFM ni kwamba unaingia kwenye mfereji mwembamba toka siku ya kwanza. Umeomba hifadhi ya jamii, utasoma hifadhi ya jamii, na kama mwaka wa pili utagundua hukuipenda kutoka sio rahisi. Mtu ambaye hajajijua anataka nini nisingempeleka pale. Alafu kuna suala la kulala, nitalirudia maana hilo lina uzito wake.

CBE tulipita tukirudi, iko barabara ya Bibi Titi. Nayo nilitaka aione kwa sababu ndo chuo kinachosemwa vibaya na watu wasiokijua. CBE ni ya 1965, kimezaliwa miaka michache tu baada ya uhuru, kiko chini ya wizara ya viwanda na biashara, baadaye kikafungua Dodoma 1983, Mwanza, na Mbeya. Nguvu yake ni ununuzi na ugavi, masoko, uhasibu, na kuna kitu kimoja ambacho hukipati kwa wengine, vipimo. Wale maafisa wa Wakala wa Vipimo unaowaona wanakagua mizani za sokoni na pampu za mafuta, hiyo ni taaluma inayosomewa, na CBE wana digrii yake. Ushindani wa kuingia sio kama ule wa UDSM, na kwa mtu aliyetokea cheti na diploma CBE ni ngazi iliyonyooka, unapanda pale pale na walimu wanakujua. Vipindi vya jioni vipo, kwaiyo dada mwenye duka Kariakoo au kaka aliyeajiriwa tayari anaweza akasoma bila kuacha mkate wake. Kwa mtoto wa form six mwenye ufaulu mkubwa anayetaka uhasibu isingekuwa chaguo langu la kwanza, nasema wazi. Ila kwa ugavi ningeiweka juu, na kwa mtu mzima anayefanya kazi ningeiweka juu zaidi ya Mlimani.

Mzumbe tukaitengea siku yake. Tulipanda treni ya SGR asubuhi, hii iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 kati ya Dar na Morogoro, hata masaa mawili hayajaisha tumeshashuka, tukaenda Msamvu, tukachukua gari la njia ya Iringa mpaka Sangasanga, kutoka pale ni kuingia ndani kuelekea chuoni. Mpwa wangu njia ile anaijua kwa basi toka mtoto, kila likizo alipita pale bila kujua kuna nini ndani. Milima ya Uluguru iko nyuma kama ukuta, hewa ya baridi kidogo, hakuna honi. Chuo kilianza 1953 kama shule ya kufundisha watawala wa serikali za mitaa enzi za mkoloni, machifu na makarani wao, 1972 kikawa IDM, chuo cha uongozi wa maendeleo, na 2001 kikawa chuo kikuu. Rais Samia alisoma hapa enzi ya IDM, stashahada ya juu ya utawala wa umma, akamaliza 1986. Ile historia ya utawala haijatoka kwenye kuta, ukisoma uhasibu Mzumbe unafundishwa sana namna pesa ya umma inavyotembea, bajeti, vifungu, ukaguzi, halmashauri. Nimefanya kazi na watu wa Mzumbe kwenye halmashauri mbili tofauti na wanaingia kazini kama watu walioshazoea makabrasha.

Alipenda utulivu. Tuliingia kwenye kimgahawa cha Changarawe, kile kijiji kilichopakana na chuo, tukala wali maharage na mboga za majani na matunda juu, nikalipa pesa ambayo Posta, katikati ya Dar, isingetosha mtu mmoja. Akaandika bei kwenye daftari bila mimi kumwambia. Hapo nikajua ameanza kuelewa.

Maana pesa ndo inayoamua kuliko watu wanavyokubali. Vyuo hivi vyote ni vya serikali, tofauti za ada hazikutishi sana ukizilinganisha, kaangalie kwenye tovuti ya chuo husika maana zinabadilika. Kinachokula ni kitanda na nauli. Mkopo wa kujikimu uliongezwa 2022 kutoka 8,500 ukawa 10,000 kwa siku, kwa mwezi wa siku 30 ni 300,000, na humo utoe chakula, kulala, nauli, vocha, sabuni, na bumu, yaani hiyo pesa ya kujikimu, linakuja kwa mafungu, mwanzo wa mwaka linaweza kukawia wakati mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita mbele. Na hapo nimesema kama umepata mkopo kamili, wengi wa biashara wanapata asilimia au hawapati, kwa sababu kozi za biashara kwa kawaida haziko mstari wa mbele kwenye vipaumbele vya Bodi kama udaktari na ualimu wa sayansi.

Sasa linganisha. UDSM ina hosteli, zile za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zinabeba wanafunzi 3,840, na Mabibo ipo, lakini wanaotaka ni wengi kuliko vitanda, ukikosa unaenda Changanyikeni, Msewe, Ubungo, Sinza, kugawana chumba na wenzako. IFM iko katikati ya mji ambako kupata chumba cha mwanafunzi ni shida, kwaiyo wengi wanaishi Kigamboni wanavuka na pantoni, 200 kwenda na 200 kurudi, bado daladala ya upande wa pili, au wanakaa Ilala, Buguruni, Mbagala huko. Pantoni yenyewe ni bei rahisi, tatizo ni muda, una mtihani saa mbili asubuhi na foleni ya Magogoni haijui kama una mtihani. CBE vivyo hivyo, ni mjini. Mzumbe ukikosa kitanda cha chuo unavuka geti uko Changarawe, unatembea kwa miguu, nauli sifuri. Kwa mtoto wa mkoani asiye na ndugu Dar, hii safu peke yake inaweza kugeuza daftari zima. Kwa mtoto wa Dar anayelala kwao Kimara au Mbezi inageuka tena kinyume, Mwendokasi moja kwa moja mpaka Kivukoni na anarudi kula kwa mama, IFM inakuwa ya bei rahisi kuliko Mzumbe. Mi naishi Kimara, kwaiyo nilimwambia chumba kipo, hilo tusiliweke kwenye hesabu kama kikwazo, chagua kwa mengine.

Safu nyingine ilikuwa ya fildi, yale mafunzo ya vitendo maofisini. Vyuo vyote vinne vinapeleka watu fildi, tofauti ni unapata wapi na unafanya nini ukifika. Nakumbuka siku yangu ya kwanza fildi, ofisi moja hapa mjini, bosi wa kitengo akanipa boksi faili la vocha za malipo na benki stetimenti ya mwezi akasema suluhisha, yaani linganisha hesabu za ofisi na za benki. Nilikuwa na A ya kosiwek kwenye hilo somo. Darasani swali linakuja limeshapangwa, hundi ambazo hazijapita zimeandikwa, makato ya benki yameandikwa, wewe ni kujumlisha na kutoa. Ile karatasi haikuwa na kitu kimeandikwa, ilikuwa ni mistari ya tarehe na namba, na kwenye boksi vocha mbili hazikuwepo. Nilikaa nayo siku tatu, siku ya nne wakaninyang'anya wakaniweka kwenye fotokopi, na hapo kwenye fotokopi ndo nilimalizia wiki saba zilizobaki. Hakuna aliyerudi kunionyesha nilikosea wapi. Kwaiyo wadogo zangu, tafuta nafasi ya fildi mapema kabla semista haijaisha, barua mkononi, na ukifika usikubali kukaa kwenye fotokopi wiki nzima bila kuomba upewe faili hata la mwaka juzi ufanyie mazoezi. Wa IFM na CBE na UDSM wako mjini, ofisi ziko karibu lakini wanagombania wote. Wa Mzumbe wanarudi mikoani kwao, na mikoani halmashauri na matawi ya benki yana nafasi na mtu anakufundisha kweli. Hili watu hawalisemi.

Nisiwasahau Moshi. MoCU, Chuo Kikuu cha Ushirika, haikuwa kwenye daftari letu lakini kama unatoka eneo la kahawa, pamba, korosho au tumbaku, na unajiona siku moja kwenye AMCOS (ushirika wa wakulima) au SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), basi kile chuo cha ushirika kilichoanza 1963 na kuwa chuo kikuu kamili 2014 kina uhasibu wa ushirika ambao hawa wanne hawana. Vyama vya ushirika vinalia wahasibu wanaojua mahesabu yao, kila siku unasikia wakaguzi wamewapa hati chafu.

Na maombi yenyewe, kwa haraka. Unaomba moja kwa moja kwenye chuo, sio TCU. Kima cha chini ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili makuu ya form six uliyofaulu, zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, ila hicho ni cha kuruhusiwa kuomba tu, kozi zinazogombaniwa zinakata juu zaidi. Soma kwenye guidebook ile mistari midogo ya hisabati, kozi nyingi za biashara zinadai hesabu ya form four au ile ya nyongeza ya form six, na kuna watoto wana pointi nzuri wanaachwa kwa hicho. Waliotoka diploma wana guidebook yao tofauti, msisome ya form six mkachanganyikiwa. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja utatumiwa code ya kuthibitisha, unathibitisha kimoja, na usipothibitisha ndani ya muda nafasi inaondoka.

Kama ningelazimishwa kuandika majina kwenye daftari ningeandika hivi. Uhasibu na unajisimamia na kitanda kipo, UDSM. Uhasibu na unatoka mkoani na mkopo haujulikani, Mzumbe. Bima, hifadhi ya jamii, takwimu bima, IFM bila mjadala. Kodi, IFM, na mtazame pia Chuo cha Kodi kilicho chini ya TRA, mamlaka ya mapato, pale Mikocheni. Ugavi, Mzumbe au CBE. Unafanya kazi tayari, CBE ya jioni. Hujui unataka nini, usiende kwenye kozi nyembamba, nenda Mlimani au Mzumbe ukae na watu wa aina nyingi mpaka ujijue.

Mpwa wangu aliomba vyuo vitatu. Majibu yalivyotoka UDSM walimpa BCom ya masoko, Mzumbe wakampa uhasibu. Yaani lile swali la daftari likaja lenyewe mpaka sebuleni. Dada alipiga simu kutoka Iringa sauti iko juu, "Mlimani jamani, mtu anaachaje Mlimani?" na mi namuelewa, enzi zetu mtoto wa pale kwetu akienda Mlimani kijiji kizima kilijua. Nilimwambia dada siamui mimi. Binti alikuwa amekaa kwenye zulia na daftari lake limefunguka ukurasa wa kwanza, pale tulipoandika cheti kitasomekaje. Hakusema kitu muda mrefu. Alafu akauliza, mjomba, masoko nikisoma NBAA naanzia wapi? Nikamwonyesha. Akauliza, na uhasibu? Nikamwonyesha tena.

Aliingiza code ya kuthibitisha Mzumbe saa nne usiku, siku mbili kabla dirisha halijafungwa. Kesho yake ndo akaanza kuniuliza godoro anunue Morogoro au abebe la kwao, nikamwambia abebe, basi la Iringa linapita Sangasanga na konda anakubali kulipakia.